Lugha Yenye Bunge Lakini Isiyo na Walimu: Wainuit wa Nunavut na Inuktut

Tarehe 1 Aprili 1999 Kanada ilipata eneo jipya la utawala. Sehemu ya mashariki ya Northwest Territories ilimegwa ikawa Nunavut, nchi ya barafu na miamba yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 2, yenye bunge na serikali yake. Wakazi wake ni wachache mno: sensa ya 2021 ilihesabu watu wasiofika 37,000, waliotawanyika katika makazi 25 ambayo hufikiwa kwa ndege, na kwa meli pale bahari inapofunguka wakati wa kiangazi. Takriban asilimia 85 ya wakazi hao ni Wainuit, wenyeji wa asili wa Aktiki, na miongoni mwa mambo yaliyowafanya wadai eneo lao wenyewe kwa zaidi ya miaka 20 ni lugha yao, Inuktut. Walitaka kutawaliwa, kusomeshwa, kutibiwa na kuhukumiwa kwa lugha waliyolelewa nayo.

Mwaka 2008 bunge hilo lilipitisha sheria mbili zilizolenga kuyatimiza hayo. Ya kwanza iliitambua lugha ya Wainuit kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza na Kifaransa. Ya pili, iliyotungwa mahususi kuilinda lugha hiyo, iliwapa wazazi haki ya kudai watoto wao wafundishwe kwa lugha yao, ikawapa watumishi wa serikali haki ya kuitumia kazini, na ikayataka hata maduka na hoteli za watu binafsi kuweka mabango yenye maandishi ya Kiinuit yasiyofichwa nyuma ya yale ya Kiingereza. Yupo Kamishna wa Lugha anayepokea malalamiko, na lipo baraza, Inuit Uqausinginnik Taiguusiliuqtiit, lenye kazi ya kusanifu istilahi. Kwa upande wa maandishi ya kisheria, ni lugha chache za wenyeji wa Amerika Kaskazini zilizopata kinga ya namna hiyo.

Pamoja na hayo yote, lugha inarudi nyuma. Mwaka 2001 zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa Nunavut walisema lugha yao ya kwanza ni ya Kiinuit. Kufikia 2016 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi takriban asilimia 65, na Kiingereza kilikuwa kinazidi kuingia majumbani, hasa katika mji mkuu, Iqaluit. Inakuwaje lugha yenye bunge, sheria na wasemaji wengi ipungue mbele ya macho ya serikali iliyoundwa kwa ajili yake? Maelezo ni marefu, lakini kiini chake, kwa maoni yangu, ni kimoja: lugha hii haikosi heshima wala haikosi wasemaji, inakosa walimu, na uhaba huo wa walimu umezaliwa na mfumo uleule wa shule unaotegemewa kuumaliza.

Kwanza ieleweke ni lugha gani inayozungumziwa. Inuktut ni jina la jumla linalotumika Kanada kwa lahaja zote za Wainuit wa nchi hiyo. Lahaja hizo ni sehemu ya mnyororo unaoanzia kaskazini mwa Alaska, unapita delta ya mto Mackenzie wanakoongea Kiinuvialuktun, unaingia Nunavut magharibi kwenye Kiinuinnaqtun, kisha Kiinuktitut cha Nunavut mashariki na cha Nunavik iliyo kaskazini mwa Quebec, unashuka hadi pwani ya Labrador, na kuvuka bahari mpaka Greenland ambako lugha huitwa Kalaallisut. Majirani huelewana, watu wa ncha mbili za mnyororo hupata taabu. Mpelelezi Knud Rasmussen, aliyezaliwa Greenland mwaka 1879 na kukua akiiongea Kalaallisut, alisafiri kwa sleji za mbwa kati ya 1921 na 1924 kutoka eneo la Ghuba ya Hudson hadi Alaska, na njiani aliweza kuzungumza na wenyeji wa jamii ambazo hazikuwahi kusikia habari za Greenland.

Hali ya lugha katika mnyororo huo haifanani. Kwa upande wa Kanada, sensa ya 2016 ilionyesha kwamba karibu Wainuit wote wa Nunavik waliweza kufanya mazungumzo kwa lugha yao, na Nunavut walikuwa takriban 9 kati ya kila 10, lakini katika nchi ya Wainuvialuit, kwenye delta ya Mackenzie, na ile ya Nunatsiavut, huko Labrador, ni takriban mmoja tu kati ya watano. Hata ndani ya Nunavut mashariki si sawa na magharibi. Kiinuinnaqtun, kinachoongewa Kugluktuk, Cambridge Bay na Ulukhaktok (hii ya mwisho iko nje ya mpaka wa Nunavut), kimebakiwa na wasemaji mia kadhaa tu, wengi wao wazee. Kwa hiyo takwimu moja ya Nunavut nzima huficha mambo mawili tofauti: lugha iliyo hai inayoanza kulegea, na lahaja inayotakiwa kuokolewa sasa hivi.

Msomaji wa Kiswahili hatashtushwa sana na sarufi ya lugha hii, kwa kuwa tumezoea kupakia mtenda, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja. Wainuit hupakia zaidi, na hupakia nyuma. Neno *tusaatsiarunnanngittualuujunga* ni sentensi kamili: huanza na mzizi wa kusikia, kisha hufuata kiambishi cha uzuri, cha uwezo, cha ukanushi, cha mkazo, na mwishoni cha nafsi ya kwanza, na maana yake ni kwamba msemaji hawezi kabisa kusikia vizuri. Kila kiambishi hubadilisha sauti za jirani yake, hivyo mwanafunzi hawezi kukariri orodha ya maneno akaondoka anaongea. Ni lazima asikie watu wakiongea kwa muda mrefu. (Ile hadithi maarufu ya mamia ya maneno ya theluji haina maana yoyote katika lugha ambayo mzizi mmoja huzaa maneno yasiyo na idadi, na ingefaa tuachane nayo.) Sarufi ya aina hii hujengwa vizuri utotoni, nyumbani na darasani, na hapo ndipo historia ilipoharibu.

Uharibifu ulianza kwenye majina. Kwa desturi ya Wainuit, mtoto hupewa jina la marehemu, na pamoja na jina hurithi uhusiano. Mama aliyefiwa na baba yake anaweza kumpa mwanawe jina la marehemu, na tangu hapo akamwita mtoto huyo "baba yangu", kwa kuwa ni somo wa babu yake. Ndugu wengine nao humwita kwa jina la undugu waliokuwa nao na marehemu. Jina halikuwa na jinsia, na halikuambatana na ubini wala jina la ukoo. Watawala waliokuja na madaftari hawakuuelewa mpango huo, tena hawakuweza kuyaandika majina yenyewe. Kuanzia 1941 serikali ya Kanada iliwagawia Wainuit visahani vya duara, vidogo kama sarafu, vyenye taji la Uingereza na namba, ambavyo walitakiwa kuvivaa shingoni au kuvishona kwenye nguo. Namba ya mtu wa mashariki ilianza na herufi E, ya magharibi W. Hospitalini, polisi na shuleni, namba ndiyo iliyokuwa jina. Mpango huo ulidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, ambapo Abraham Okpik, Mwinuit aliyepewa kazi hiyo na serikali, alizunguka makazi kwa makazi kati ya 1968 na 1971 akiziomba familia zichague jina la ukoo, jambo ambalo desturi yao haikuwa nalo.

Kisha ukaja ugonjwa. Kifua kikuu kilienea vibaya baada ya Vita Kuu ya Pili, na meli ya serikali, C.D. Howe, ilikuwa ikipita kila kiangazi ikiwapiga watu picha za eksirei. Waliokutwa na ugonjwa walisafirishwa moja kwa moja hadi hospitali za kusini, mara nyingi bila hata kurudi pwani kuaga. Kufikia 1956 takriban Mwinuit mmoja kati ya saba alikuwa amelazwa kusini. Wapo waliozikwa huko bila familia kujulishwa, na wapo watoto waliorudi baada ya miaka wakiwa hawawezi tena kuongea na mama zao. Waziri Mkuu Justin Trudeau aliomba radhi kwa hayo akiwa Iqaluit mwezi Machi 2019.

Shule ndizo zilizokamilisha kazi. Katika miaka ya 1950 na 1960 serikali na makanisa walifungua shule na mabweni, kama lile la Turquetil Hall huko Chesterfield Inlet, ambako watoto walifundishwa kwa Kiingereza na wengi waliadhibiwa kwa kuongea lugha yao. Familia zilizokuwa zikiishi katika kambi za uwindaji zilihamia kwenye makazi ya kudumu ili ziwe karibu na watoto, na katika muda wa kizazi kimoja maisha ya kuhamahama yakaisha. Ngoma na uimbaji wa kooni vilikuwa vimekwisha kupigwa vita na wamishonari, sawa na tatuu za usoni za wanawake. Serikali ya Kanada iliomba radhi kwa ajili ya shule za bweni mwaka 2008, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitoa ripoti yake mwaka 2015. Lakini radhi haiwarudishii wazazi lugha ya kuwalelea watoto, na wengi waliopita katika shule hizo waliwalea wanao kwa Kiingereza wakiamini wanawaepusha na mateso.

Nunavut ilipoundwa, ilirithi shule hizo, majengo na mtaala pamoja. Mkataba wa ardhi wa 1993, uliozaa eneo hilo, unataka katika ibara yake ya 23 kwamba Wainuit washike nafasi za kazi serikalini kwa uwiano wa idadi yao. Miaka saba baada ya kuanzishwa, kiwango chao serikalini kilikuwa kimekwama kwenye takriban asilimia 45, tena katika ngazi za chini. Jaji wa zamani Thomas Berger aliombwa achunguze kwa nini, na ripoti yake ya Machi 2006 ndiyo, kwa maoni yangu, hati muhimu kuliko zote katika suala hili. Berger alitumwa kuchunguza ajira. Alirudi na ripoti kuhusu shule. Alieleza kwamba takriban watoto watatu kati ya wanne wa Kiinuit walikuwa hawamalizi sekondari, na kwamba chanzo ni namna lugha zinavyopangwa darasani. Mtoto huanza kusoma kwa Kiinuktitut, na anapofika darasa la nne hivi, kabla hajakomaa katika kusoma na kuandika lugha yake, anageuziwa Kiingereza chini ya mwalimu kutoka kusini asiyejua neno la lugha ya mtoto. Matokeo yake ni kijana asiye na lugha hata moja iliyokomaa kimasomo.

Msomaji wa Tanzania, aliyetoka darasa la saba kwa Kiswahili akajikuta kidato cha kwanza kwa Kiingereza, atalitambua tatizo hilo bila maelezo zaidi. Lakini tofauti ni kubwa. Kiswahili kinamsubiri mwanafunzi huyo sokoni, redioni, bungeni na mtaani, na hakipungui hata akifeli Kiingereza. Mtoto wa Iqaluit akitoka darasani hukutana na Kiingereza dukani, kwenye simu na kwenye televisheni, na akiipoteza lugha yake shuleni, hana pa kuiokota isipokuwa kwa bibi yake.

Sheria ya elimu ya 2008 ilikusudia kuvunja utaratibu huo. Iliahidi kwamba kufikia mwaka wa masomo wa 2019 hadi 2020, wanafunzi wa madarasa yote hadi la 12 wangepata elimu ya lugha mbili. Hapa ndipo mduara unapojifunga. Ili mtu afundishe hisabati au sayansi ya darasa la tisa kwa Kiinuktitut, ni lazima kwanza awe amemaliza sekondari, kisha chuo cha ualimu. Wanaomaliza sekondari ni wachache. Hao wachache, kwa kuwa wanajua lugha zote mbili, hutafutwa na wizara, mahakama, mashirika ya Wainuit na kampuni za migodi, na wengi huhama darasani hata kama walianza humo. Wanaobaki hupangiwa madarasa ya chini, na madarasa ya juu huachiwa walimu wa kusini ambao wengi huja kwa mkataba na kuondoka baada ya muda mfupi. Kila kundi la wanafunzi linaloshindwa kwa sababu hiyo linapunguza idadi ya walimu wa kundi litakalofuata.

Mkaguzi Mkuu wa Kanada alionya mwaka 2013 kwamba lengo la 2019 halitafikiwa kwa kuwa walimu wa lugha mbili hawatoshi. Halikufikiwa. Mwishoni mwa 2020 bunge la Nunavut lilipitisha Muswada namba 25 uliosogeza ratiba hadi 2039, na ahadi yenyewe ikasinyaa, kwa kuwa kinachopangiwa tarehe ni somo la Inuktut, wala si Inuktut kuwa lugha ya kufundishia masomo mengine. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo atakuwa amemaliza shule kabla ratiba haijafika mwisho. Mwezi Oktoba 2021, Nunavut Tunngavik, shirika linalosimamia haki za Wainuit chini ya mkataba wa ardhi, liliishtaki serikali ya Nunavut mahakamani juu ya jambo hilo. Wainuit wakaishtaki serikali ambayo wao wenyewe ndio walio wengi ndani yake.

Si haki kuitupia Nunavut lawama zote. Katiba ya Kanada inalinda Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo wasemaji wa Kifaransa wa Iqaluit, ambao ni mamia tu, wana shule yao inayofundisha kwa Kifaransa, na fedha za shirikisho huwafuata. Lugha ya Wainuit haina kinga hiyo ya kikatiba, japo ni lugha ya walio wengi. Sheria ya shirikisho ya lugha za wenyeji iliyopitishwa mwaka 2019 ilikusudiwa kupunguza pengo hilo, lakini Inuit Tapiriit Kanatami, shirika la kitaifa la Wainuit, liliikosoa waziwazi kwa kuwa haikuweka lolote mahususi kwa ajili yao. Shirika la Nunavut Tunngavik lilikuwa limeishtaki serikali ya shirikisho tangu 2006 kwa kutotekeleza mkataba wa ardhi. Shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2015 kwa dola milioni 255.5 za Kanada, na sehemu kubwa ikaelekezwa kwenye mafunzo ya kazi.

Kwamba hoja ni walimu, na wala si uchache wa watu, kunadhihirika tukitazama majirani wawili. Greenland ina watu takriban 56,000, wengi wao Wainuit, na ilianza kuandaa walimu wake mapema mno: chuo cha ualimu cha Nuuk kilianzishwa katika miaka ya 1840, sarufi ya Samuel Kleinschmidt ilitoka mwaka 1851, na gazeti la Atuagagdliutit likaanza kuchapishwa kwa lugha ya wenyeji mwaka 1861. Denmark, iliyokuwa ikiitawala Greenland, ilipojaribu kuwafanya Wagreenland kuwa Wadenmark katika miaka ya 1950 na 1960, ilikuta jamii yenye makatekista, walimu na waandishi wa vizazi kadhaa. Baada ya kupata utawala wa ndani mwaka 1979 shule zilirudishwa kwenye Kalaallisut, na tangu Juni 2009 hiyo ndiyo lugha rasmi pekee. Si kwamba mambo yamenyooka: elimu ya juu bado inamdai mwanafunzi Kidenmark, na wasemaji wa lahaja za mashariki na kaskazini ya mbali hulazimika kuacha lugha ya nyumbani na kusoma kwa lahaja ya magharibi iliyofanywa sanifu.

Nunavik iko karibu zaidi. Mkataba wa mwaka 1975 kati ya Quebec, Kanada, Wacree (jamii nyingine ya wenyeji) na Wainuit uliwapa wenyeji bodi yao ya shule, Kativik, yenye uwezo wa kuamua lugha ya kufundishia, na bodi hiyo ikaanza kuwafunza walimu wa Kiinuit hukohuko vijijini badala ya kuwapeleka kusini. Miaka ya mwanzo ya shule huendeshwa kwa Kiinuktitut, kisha mzazi huchagua Kiingereza au Kifaransa. Nunavik nayo ina matatizo ya wanafunzi kuacha shule, lakini karibu kila Mwinuit huko anaiongea lugha yake, na sidhani kwamba hilo ni bahati.

Suala jingine linalochukua nafasi kubwa katika mijadala ni mwandiko. Wainuit wa Nunavut mashariki na Nunavik huandika kwa alama za silabi ambazo mmishonari James Evans alizibuni karibu na 1840 kwa ajili ya Wacree, na ambazo Edmund Peck alizieneza kwa Wainuit kuanzia 1876. Umbo la alama huonyesha konsonanti, na upande lilikogeukia huonyesha irabu, hivyo mtu mzima huweza kujifunza kusoma kwa muda mfupi. Wainuit wa magharibi na wa Labrador hutumia herufi za Kirumi, kila mahali kwa tahajia yake. Mwaka 2019 Inuit Tapiriit Kanatami liliidhinisha Inuktut Qaliujaaqpait, mwandiko mmoja wa herufi za Kirumi utakaowezesha kitabu kimoja kusomwa katika maeneo yote manne ya Wainuit nchini Kanada. Hoja ya gharama ni nzito: kuchapa kitabu cha sayansi kwa wanafunzi wachache ni ghali, na kukichapa mara nne kwa tahajia nne ni ghali mara nne. Lakini wazee wa mashariki wanaupenda mwandiko wa silabi, Biblia zao zimeandikwa hivyo, na wanauhesabu kuwa mali yao. Shirika lenyewe lilisema mwandiko mpya hauji kufuta ile ya zamani. Binafsi naona mwandiko mmoja utasaidia, ila mjadala wake umekuwa mkubwa kuliko athari yake. Kitabu kilichoandikwa kwa tahajia yoyote ile hubaki kabatini kama hakuna wa kukifundisha.

Tena kuna sehemu ya lugha ambayo kitabu hakiwezi kuibeba. Chukua uwindaji wa sili wakati wa baridi. Sili hupumua kupitia matundu anayoyachimba kwenye barafu na kuyatunza yasizibe, na kila tundu, liitwalo *aglu*, hufunikwa na theluji lisionekane. Mwindaji huja na mbwa anayelinusa, kisha husimama juu yake bila kutikisika, pengine kwa saa nyingi, akisubiri dalili ndogo kabisa kwamba mnyama amepanda kuvuta pumzi. Ili afike hapo salama ni lazima ajue *tuvaq*, barafu ngumu iliyoshikamana na pwani, inaishia wapi, na *sinaaq*, ukingo inapokutana na maji, umehamia wapi tangu jana. Kijana hujifunza majina hayo papo hapo, akiambiwa asikanyage hapa na apite pale. Akiacha kwenda na baba yake, maneno huondoka pamoja na ujuzi, na hakuna mtihani wa darasani utakaogundua kwamba yameondoka.

Simulizi za namna hiyo zina usahihi uliothibitika. Meli mbili za John Franklin zilizoondoka Uingereza mwaka 1845 kutafuta njia ya bahari ya kaskazini zilipotea, na Waingereza wengi wakayapuuza maelezo ya Wainuit kuhusu mahali zilipozama. Meli ya Erebus ilipopatikana mwaka 2014, ilikuwa katika eneo lilelile ambalo simulizi zilikuwa zikilitaja, na ambalo mwanahistoria Louis Kamookak wa Gjoa Haven alikuwa amelielekeza baada ya miaka mingi ya kuwahoji wazee. Ndiyo maana mashirika ya Wainuit yamekuwa yakikusanya maelfu ya majina ya mahali, na ndiyo maana ya kurudisha majina ya miji: Frobisher Bay ikawa Iqaluit mwaka 1987, Coppermine ikawa Kugluktuk mwaka 1996.

Cambridge Bay, yaani Iqaluktuuttiaq, ni mahali pazuri pa kuona kazi hii ikifanywa katika hali ngumu zaidi. Shirika la Pitquhirnikkut Ilihautiniq, lililoanzishwa humo katika miaka ya 1990, hushughulika na Kiinuinnaqtun kwa njia ya kazi za mikono na maarifa ya nchi: kushona nguo za ngozi za kulungu wa kaskazini, kurekodi wazee, kuchora ramani za majina, na kurudisha kwa wenyeji kumbukumbu ambazo msafara wa Rasmussen ulizikusanya na kuzipeleka Denmark. Mshonaji anayejifunza hufundishwa namna ya kulainisha ngozi, namna manyoya yanavyotakiwa kulala na kipande kipi cha mwili wa mnyama kinafaa kwa sehemu ipi ya koti, na hufundishwa kwa lugha ambayo maneno yake yalizaliwa katika kazi hiyo. Huko Kugluktuk, mwaka 2016, mradi ulioongozwa na Hovak Johnston uliwarudishia wanawake tatuu za usoni na mikononi ambazo karibu zingetoweka pamoja na mwanamke wa mwisho aliyechorwa kwa desturi.

Vyombo vya habari vimefanya kazi nzuri kuliko shule, na inafaa kusemwa. Wakazi wa Igloolik walipiga kura mara mbili katika miaka ya 1970 kuikataa televisheni kwa kuwa haikuwa na kipindi hata kimoja kwa lugha yao, wakaikubali tu baada ya shirika la utangazaji la Wainuit kuanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mji huohuo ulitoa filamu ya Atanarjuat iliyoongozwa na Zacharias Kunuk, filamu ndefu ya kwanza iliyoandikwa na kuchezwa yote kwa Kiinuktitut, iliyoshinda tuzo ya Caméra d'Or mjini Cannes mwaka 2001. Chaneli ya Uvagut, inayorusha vipindi kwa Inuktut saa zote, ilianza Januari 2021.

Teknolojia nayo imeingia, Microsoft ikiiongeza Kiinuktitut katika programu yake ya tafsiri mwaka 2021, na Google ikifuata na Inuktut mwaka 2024. Hapa tahadhari inahitajika. Hazina kubwa ya maandishi yaliyowekwa sambamba na Kiingereza, yenye jozi za sentensi takriban milioni 1.3, inatokana na kumbukumbu za vikao vya bunge la Nunavut, na mashine iliyofundishwa kwa maandishi ya aina hiyo hujua zaidi lugha ya bajeti na maswali kwa mawaziri kuliko lugha ya mtu anayechuna sili. Ni chombo cha kumsaidia mfasiri aliyeelemewa na nyaraka. Hakiwezi kuchukua nafasi ya mzungumzaji mbele ya mtoto wa miaka mitano.

Mzungumzaji huyo yupo, na sheria tayari imempa mlango. Sheria ya elimu ya 2008 inaruhusu wazee wapewe hati ya kufundisha lugha na maarifa ya Kiinuit shuleni bila kupitia chuo cha ualimu. Nafasi hizo zimebaki chache, nyingi zikiwa za saa chache kwa wiki, na mzee huitwa kuja kusimulia hadithi au kuonyesha namna ya kuwasha *qulliq*, taa ya jiwe inayotumia mafuta ya sili, kisha darasa hurudi kwenye Kiingereza. Kumwajiri kwa mshahara kamili, kumweka pamoja na mwalimu kijana ambaye bado anasoma ualimu kijijini kwake kama wafanyavyo Nunavik, na kumlipa kijana huyo kiasi ambacho wizara haitamnyang'anya kwa urahisi, ni mambo yasiyohitaji sheria mpya. Yanahitaji fedha za kila mwaka, na sehemu kubwa ya fedha za serikali ya Nunavut hutoka Ottawa, kwa serikali ya shirikisho.